Shehena ipi ndani ya coreboot: SeaBIOS, GRUB, edk2 au Heads?

Wengi wanaoingia katika kazi hii hukwama mahali pamoja. Laptopu ishafunguliwa, chipu imesomwa mara mbili na nakala zote mbili zimelingana, zana za kujengea ziko tayari. Kisha `make menuconfig` inafunguka, unafika kwenye ukurasa wa kuchagua shehena, na kidole kinasita juu ya kibodi. Hapa Mombasa swali hilo nimeulizwa na mwanafunzi mmoja wa Tudor, na fundi mwenzangu wa Mwembe Tayari, na mwalimu wa Likoni aliyetaka tu laptopu yake iwake haraka asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Kila mmoja alistahili jibu lake, na hakuna jibu hata moja kati ya hayo ambalo lingewafaa wote watatu.

Kwa anayeanza: coreboot ni programu dhibiti huria inayokaa kwenye chipu ya bodi mama badala ya BIOS ya kiwandani. Ilianza mwaka 1999 ikiitwa LinuxBIOS, katika maabara ya Los Alamos kule Marekani, mikononi mwa Ron Minnich na wenzake, na ikapata jina la sasa mwaka 2008. Kazi yake ni fupi. Inaamsha RAM, inaamsha vifaa vya bodi, inatayarisha skrini, basi. Haijui diski, haijui Linux wala Windows. Ikimaliza, inakabidhi mashine kwa programu ya pili iliyolala kwenye chipu hiyohiyo. Mafundi wengine huiita peilodi. Mimi naiita shehena, kwa sababu kwetu hata mtoto anajua kwamba meli haiji Kilindini bila sababu; kinachongojwa ni kile ilichobeba. Shehena ndiyo inayoitafuta butiloda (programu inayopakia mfumo) kwenye diski, au yenyewe ndiyo inakuwa butiloda.

Mfano wangu ni ThinkPad X230 ya mwaka 2012, kwa kuwa ndiyo ninayoifungua mara nyingi kati ya laptopu za mtumba zinazoletwa kutoka ng'ambo. Ina chipu mbili, moja ya MB 8 na nyingine ya MB 4, jumla MB 12. Mwenye mashine nyingine abadilishe tarakimu. Hoja zinabaki zilezile.

Vigezo

Ninapima kwa vitu vitano. Cha kwanza, shehena inaamsha nini: Linux pekee, au na Windows? Cha pili, mipangilio inakaa wapi, na je, unaweza kuibadilisha bila kuandika chipu upya? Cha tatu, ulinzi: mtu akibaki na laptopu yako nusu saa, anaweza kuifanya nini? Cha nne, nafasi inayochukua.

Cha tano ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, nacho hutajwa kwa nadra: siku itakapokataa kuwaka, nani atakuwa ameketi mbele yake? Kama ni wewe uliyeijenga, hayo ni mambo ya dakika kumi. Kama ni mama yako yuko Kisauni na wewe uko zamu Changamwe, hayo ni mambo mengine kabisa.

SeaBIOS

*Inaamsha nini.* SeaBIOS, iliyoanzishwa na Kevin O'Connor, inatenda kama BIOS ya zamani. Ndiyo pia BIOS ya kawaida ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta. Inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, kisha inaikabidhi usukani. Kwa hiyo Linux, BSD, DOS na karibu kila flashi ya kusakinishia iliyotayarishwa kwa njia ya zamani itawaka. Windows pia inawezekana, ila mara nyingi inataka kile kipande cha video kilichotolewa kwenye BIOS ya asili ya mashine, kwa hiyo usifute nakala uliyoisoma mwanzoni. Mipaka yake ni miwili: mgawanyo wa diski wa zamani, MBR, hauvuki TB 2, na mfumo uliosakinishwa kwa njia ya UEFI pekee (UEFI ndiyo mrithi wa BIOS) hautawaka hapa.

*Mipangilio.* Inakaa kwenye CBFS, ghala dogo la mafaili ndani ya chipu. Ukitaka menyu isubiri sekunde tano, unaandika:

`cbfstool coreboot.rom add-int -i 5000 -n etc/boot-menu-wait`

Mpangilio wa diski gani itangulie unakaa katika faili linaloitwa `bootorder`. Kila badiliko linataka chipu iandikwe upya, lakini hilo lisikutishe. Coreboot ikishakuwa ndani, `flashrom`, zana ya kusoma na kuandika chipu, inaweza kuandika kutoka kwenye Linux ya mashine yenyewe, ukiwasha kerneli (kiini cha Linux) kwa `iomem=relaxed`. Klipu, ile ya kubana miguu ya chipu kutoka nje, unaihitaji mara ya kwanza na siku ya ajali.

*Ulinzi.* Haina neno la siri. Anayeweza kuchomeka flashi anaweza kuwasha mfumo wake. Kama diski imesimbwa, data iko salama. Lakini `/boot`, folda yenye kerneli, kwa kawaida hubaki wazi, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuichezea.

*Nafasi.* Chini ya KB 100 ikishabanwa. Hata chipu kongwe haitalalamika.

*Ikikwama.* Hapa ndipo ninapoipenda. Unabonyeza ESC, inatokea orodha yenye namba, unachagua flashi, unaendelea. Hayo naweza kumweleza mtu kwa simu huku niko ndani ya matatu.

*Inamfaa* anayetaka mashine ifanye kazi bila maswali, mwenye chipu ndogo, na fundi anayejaribu mifumo mingi kwa siku.

GRUB ndani ya chipu

Linux nyingi zinatumia GRUB kwenye diski. Hapa tunaihamishia kwenye chipu, ikiwa imejengwa kwa umbo la `i386-coreboot`, nayo inaanza kufanya kazi kabla diski haijaguswa.

*Inaamsha nini.* Linux, na kwa ustadi mkubwa. Inasoma ext4, Btrfs, LVM na diski zilizosimbwa kwa LUKS, usimbaji wa kawaida wa Linux. Windows haiwashi peke yake, kwa kuwa Windows inatarajia huduma za BIOS au UEFI na hapa hakuna hata moja.

*Mipangilio.* Faili moja, `etc/grub.cfg`, ndani ya CBFS. Ni lugha ileile unayoijua kwenye diski, lakini majina ya diski ni tofauti: utaona `(ahci0)` au `(usb0)` badala ya `(hd0)`. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifundisha kazi.

Yule mwalimu wa Likoni nilimwekea GRUB kwa sababu inawaka upesi. Kwenye faili nikaandika `(ahci0,msdos1)` moja kwa moja, ikafanya kazi miezi mingi. Kisha diski yake ikachoka, akabadilishiwa ikawa SSD yenye mgawanyo mpya wa GPT, Linux ikasakinishwa upya vizuri kabisa. Alipowasha, kwenye skrini hapakuwa na kitu ila `grub>` na kishale kinachopepesa. Akavuka feri na laptopu kifuani.

"Fundi, imekufa hii?"

"Haijafa, mwalimu. Nimeielekeza nyumba ambayo haipo tena."

Kosa lilikuwa langu, si lake wala si la aliyembadilishia diski. Dawa ni kuiambia GRUB itafute, isikariri:

`search --no-floppy --file --set=root /boot/grub/grub.cfg`
`configfile /boot/grub/grub.cfg`

Na kwa mashine ambazo `/boot` ina partisheni yake, ongeza jaribio la pili la `/grub/grub.cfg`. Mistari hiyo inavumilia diski kubadilishwa, Linux kusakinishwa upya, hata kuwasha kutoka kwenye flashi. Tangu siku ile sijaandika tena namba ya partisheni ndani ya chipu ya mtu.

*Ulinzi.* Hapa GRUB inaipita SeaBIOS kwa mbali. Diski yote inaweza kusimbwa pamoja na `/boot`, kwa kuwa anayefungua kufuli yuko kwenye chipu. Unaweza kuweka neno la siri kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2` ili mpita njia asibadilishe amri za kuwasha, na unaweza kuilazimisha ikague saini ya GPG ya kila faili inalolisoma. Ila angalia jambo moja linalowaumiza wengi: LUKS2 ya leo hutumia Argon2id kulinda neno la siri, na GRUB 2.06 na 2.12, ambazo utazikuta kwenye mashine nyingi, haziielewi. Ama utumie toleo lililotiwa kiraka, kama wale wa Libreboot, mradi unaotokana na coreboot, wanavyofanya, ama ubadilishe ufunguo kwa `cryptsetup luksConvertKey --pbkdf pbkdf2` kabla ya kuhamia. Usipofanya hivyo, utaandika neno la siri sahihi na litakataliwa kila mara. Jiandae pia kusubiri: GRUB hufungua LUKS polepole kuliko Linux yenyewe.

*Nafasi.* Mamia ya KB, kulingana na moduli ulizoziweka.

*Ikikwama.* Kwa anayeijua, ule mstari wa `grub>` ni karakana nzima: `ls` inaorodhesha diski, `linux` na `initrd` zinapakia kerneli kwa mkono, `boot` inawasha. Kwa asiyeijua, ni ukuta.

*Inamfaa* anayetumia Linux peke yake, anayejali usimbaji, na yuko tayari kuandika faili lake mwenyewe na kulielewa.

edk2

*Inaamsha nini.* Hii ndiyo UEFI huria, mradi wa TianoCore. Ndani ya menyu ya coreboot utakuta tawi la MrChromebox, lililotengenezwa likiwa na laptopu akilini. Inasoma partisheni ya EFI yenye FAT32 na kuwasha faili la `.efi`. Linux za leo na Windows 10 zinawaka bila kuhitaji kile kipande cha video. Windows 11 ni habari nyingine: inadai TPM 2.0 rasmi (TPM ni chipu ndogo ya usalama kwenye bodi), na X230 ina TPM 1.2. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuichagua edk2 kwa sababu ya Windows pekee kwenye mashine ya umri huu ni uamuzi wa kupimwa mara mbili.

*Mipangilio.* Hapa hakuna mpinzani. Vigezo vyake hukaa katika eneo maalumu la chipu liitwalo SMMSTORE, na unavibadilisha kutoka Linux kwa `efibootmgr` bila kujenga wala kuandika chochote upya. Lakini hakikisha SMMSTORE imewashwa kwenye menyu wakati wa kujenga. Isipokuwapo, mashine itasahau kila ilichoambiwa, na Debian iliyojiandikisha katika `EFI/debian` haitapatikana. Njia ya kujikinga ni `grub-install --removable`, inayoweka nakala katika `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, mahali ambapo UEFI yoyote hutazama hata ikiwa haikumbuki kitu.

*Ulinzi.* Secure Boot inaweza kuwekwa kwa funguo zako mwenyewe. Inazuia kerneli isiyo na saini, lakini haimzuii mwenye klipu na bisibisi asiandike chipu upya.

*Nafasi.* MB 1 hivi au zaidi. Kwenye X230 si tatizo.

*Ikikwama.* ESC inafungua menyu yenye sura ambayo mafundi wengi wa mjini wameshaizoea kwenye mashine mpya. Hilo ni faida kubwa kuliko linavyoonekana: laptopu ikienda kwa fundi asiyewahi kusikia coreboot, atajua pa kubonyeza.

*Inamfaa* mwenye mifumo miwili kwenye diski moja, anayeuza au kugawa mashine, na yeyote ambaye laptopu yake itapita mikononi mwa watu wengi.

Heads

*Inaamsha nini.* Heads, kazi aliyoianzisha Trammell Hudson, inaweka kerneli ya Linux yenyewe ndani ya chipu, kisha inatumia `kexec` kuruka hadi kwenye kerneli ya diski. Linux na Qubes (mfumo uliojengwa kwa ajili ya usalama), ndiyo. Windows, hapana.

*Ulinzi.* Hii ndiyo sababu yake ya kuwapo, kwa hiyo naitanguliza. Kila hatua ya kuwaka inapimwa na kuwekwa kwenye TPM. Vipimo vikiwa sawa na vya siku uliyoifunga, mashine inaonyesha tarakimu sita, nawe unazilinganisha na zile za simu yako. Zikitofautiana, kuna kitu kimebadilika, na hupaswi kuandika neno lako la siri. Mafaili ya `/boot` yanatiwa saini kwa ufunguo wa GPG ulio kwenye kifaa kidogo cha USB kama Nitrokey, na Heads inakagua saini hiyo kila mara.

*Mipangilio.* Ndani ya CBFS, lakini kwa menyu zake. Gharama ya kila siku iko kwingine: kerneli ikisasishwa, `/boot` imebadilika, na Heads itakusimamisha hadi uchomeke kifaa na kutia saini upya. Hiyo si kasoro, ndiyo kazi yenyewe. Ila anayesasisha huku akiwa amesahau kifaa nyumbani atajuta.

*Nafasi.* Kubwa. Mgawanyo wa kiwandani wa X230 unaiachia BIOS MB 7 kati ya 12. Sehemu nyingine, hasa Intel ME (programu ya Intel ya kichakataji kidogo kilichofichwa kwenye bodi), zinachukua MB 5. Kwa Heads, ME hupunguzwa kwa `me_cleaner` ili nafasi ipatikane, na hilo linamaanisha kugusa chipu zote mbili.

*Ikikwama.* Ina ganda la dharura lenye amri za Linux, zuri kwa mjuzi. Lakini kuna mtego unaozihusu sana mashine za mtumba. Zile tarakimu sita hutegemea saa, hubadilika kila sekunde 30, na betri ndogo ya CR2032 kwenye laptopu ya umri huu mara nyingi imekwisha. Saa ikirudi nyuma, tarakimu hazitalingana, na utadhani umevamiwa. Badilisha betri hiyo kabla ya kuanza.

*Inamfaa* mwandishi wa habari, wakili, mtetezi wa haki, mtu ambaye laptopu yake inaweza kuchukuliwa na kurudishwa kimya kimya.

Kuchanganya inaruhusiwa

Watu huchagua kana kwamba ni ndoa ya mmoja tu. SeaBIOS inaweza kubeba shehena nyingine ndani yake: chochote kilichowekwa katika `img/` ya CBFS kinatokea kwenye menyu ya ESC. Weka GRUB kama `img/grub2`, andika `/rom@img/grub2` mwanzoni mwa `bootorder`, na mashine itakwenda GRUB kwanza huku SeaBIOS ikibaki mlango wa nyuma. Ongeza Memtest86+ hapohapo; RAM za mtumba zinahitaji kupimwa. Ndivyo nilivyomjengea upya mwalimu wa Likoni: kasi aliyoitaka, na ESC kama kitu kitaharibika.

Mambo ya huku kwetu kabla ya kuandika

Hewa ya bahari hula miguu ya chipu. Nimekutana na klipu inayosoma vizuri mara ya kwanza na kusoma takataka mara ya pili, kwa kutu nyembamba tu. Safisha miguu kwa spiriti na mswaki laini, soma mara mbili, linganisha kwa `sha256sum`, na usiandike hadi zilingane. Toa betri kubwa, chaja na betri ndogo kabla ya kubana klipu. Tumia volti 3.3, na ujihadhari na kiandikio cha chipu cha CH341A nyeusi, kwa sababu njia zake za data hutoa volti 5. Na kwa kuwa stima haiagi ikiondoka, andikia kutoka kwenye laptopu yenye betri nzima, si kompyuta ya mezani.

Kwa hali yako

Kama hii ndiyo mara yako ya kwanza, anza na SeaBIOS hata kama moyo unataka Heads. Ukishajua kuandika na kurejesha chipu, kuhama ni kazi ya jioni moja.

Kama unatumia Linux pekee na diski imesimbwa, na wewe mwenyewe ndiye mtumiaji, GRUB ndani ya chipu itakupa kile ambacho hizo nyingine hazikupi kwa urahisi: diski isiyo na hata herufi moja wazi. Kagua Argon2id kwanza.

Kama ni ya ndugu au mteja wa mbali, edk2 ikiwa Linux yake ilisakinishwa kwa UEFI, SeaBIOS yenye GRUB ndani yake ikiwa ni ya zamani. Muulize pia kama kuna Windows anayoihitaji kwa kazi. Swali hilo peke yake huamua nusu ya mambo.

Kama unatayarisha mashine kumi za maabara ya shule, chagua moja kwa zote na usizichanganye, na bandika chini ya kila laptopu karatasi yenye jina la shehena na kitufe cha menyu. Mwalimu wa zamu atakushukuru.

Kama una sababu ya kweli ya kuogopa kuchezewa, chukua Heads, nunua vifaa viwili vya USB na si kimoja, na hicho cha pili kiache kwa mtu unayemwamini, nyumba nyingine.